Samaki aliyelala, siki na bomba la sindano

Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, natafuta kitu ambacho hakuna muuza samaki anayependa kukiri kuwa anacho: samaki wa jana. Mama mmoja mwenye beseni la sato alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikamwitikia, kisha nikamweleza shida yangu. Akasimama kidogo na kisu mkononi. "Mwanangu, hapa kila mtu anataka aliyetoka majini sasa hivi. Wewe unataka aliyelala?" Nikamwambia si wa mboga, ni wa darasani, mimi ni mwalimu wa kemia. Akainama chini ya meza, akatoa vichwa viwili vya sangara, akavitia kwenye mfuko mbadala. Hela alikataa. "Kawafundishe," akasema, akaendelea na kazi yake.

Kufika saa tano, kipindi cha kidato cha tatu, joto lilikuwa limeshafanya kazi yake na harufu ilikuwa imefika ofisi ya walimu. Mkondo ule una wanafunzi 62. Nikawagawa vikundi 12, kila kikundi kikapata kipande cha nyama ya kichwa kama kidole gumba, vikombe viwili vya plastiki, nusu ya ndimu, kijiko cha chokaa ya kupaka ukuta na ukanda mmoja wa kitambaa chekundu ambacho tulikuwa tumekichovya kwenye maji ya choya, yale maua mekundu ya rozela, wiki iliyotangulia. Ubaoni niliandika swali moja tu: kwa nini nyumbani tunamkamulia samaki ndimu?

Mikono ikapanda. Ladha. Kuua vijidudu. Kukata shombo. Hapo kwenye shombo nikawasimamisha. Ukisema ndimu inakata shombo, hiyo shombo inakwenda wapi?

Wakakamua ndimu kwenye kikombe cha kwanza, wakakoroga kwa kijiti, wakanusa. Imepungua, hilo walikuwa wakilijua tangu utotoni. Ndipo nikawaambia watie chokaa kwenye kikombe kile kile, kidogo kidogo, na kila wakitia wakoroge na kunusa kwa kupunga hewa kwa kiganja, si kwa kuingiza pua kikombeni. Kikundi cha dirishani ndicho kilichotangulia. Kijana mmoja akarudisha kichwa nyuma ghafla. "Mwalimu, imerudi! Kumbe haikuwa imeondoka!"

Haikuwa imeondoka. Shombo ya samaki aliyelala inatokana na jamii ya viambato viitwavyo amini, ndugu wa amonia, na amini ni besi, yaani kinyume cha asidi. Asidi ya ndimu inaipa amini haidrojeni, inageuka chumvi, na chumvi hairuki hewani kufika puani. Chokaa ni besi yenye nguvu zaidi. Inainyang'anya ile chumvi haidrojeni yake, amini inabaki huru kama ilivyokuwa, na pua inaijua papo hapo. Kikombe cha pili hakikutiwa ndimu. Tulikitia chokaa tangu mwanzo, tukakifunika, na ule ukanda wa choya tukaulowesha na kuubandika chini ya kifuniko bila kugusa kilichomo. Baada ya kama dakika kumi na tano wekundu wake ulikuwa umefifia, ukaingia kijivu chenye ukijani. Hakuna aliyeugusa. Kilichoubadilisha kilipanda hewani.

Walimu wenzangu wa kemia wameshaona ninakoelekea. Hiki ni kile kile kipimo cha amoniamu ambacho watoto hukariri kwa ajili ya mtihani: chukua chumvi, tia hidroksidi ya sodiamu, pasha moto, shika litimasi nyekundu (karatasi ya kupimia asidi na besi) iliyolowa mdomoni mwa tyubu, ikigeuka bluu andika amoniamu ipo. Nimesahihisha sentensi hiyo mara nyingi sana. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kuona darasa zima linaielewa, na walioielewa mapema kuliko wote ni wale ambao mama zao wanauza samaki.

Mimi mwenyewe nilisoma kemia ya ubaoni. Mwalimu wetu alichora bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki, kwa chaki za rangi, akaonyesha jinsi maji yanavyojipinda mdomoni mwa kipimo, tukanakili. Katika vile vionyeshi vinavyogeuka rangi kati ya asidi na besi, tulijua MO inatoka njano kwenda chungwa, tulijua POP inatoka waridi kwenda kutokuwa na rangi, na hatukuwahi kuiona MO wala POP. Jina la shule ile silitaji, na sina kinyongo na mwalimu yule. Alikuwa mtu mwema asiye na kitu mkononi. Lakini siku niliyoshika bureti ya kweli kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari chuo cha ualimu. Nilifungua koki, nikasubiri mabadiliko, yakaja, yakapita, nikawa naangalia chupa yenye rangi niliyoijua kwa jina tu. Nilikuwa na alama nzuri ya kemia kwenye cheti changu na mikono yangu haikujua kitu. Uchungu wa siku ile ndio unaonituma Mwaloni alfajiri.

Shule ninayofundisha ina chumba cha maabara. Kilijengwa kwa michango ya wazazi katika ile kampeni ya maabara tatu kwa kila shule ya kata, wakati wa Rais Kikwete. Ni chumba kizuri, meza za zege, masinki, madirisha yanayoingiza upepo wa ziwa. Bureti zetu ni tisa, mbili zimevunjika ncha. Kwa wanafunzi 62 hesabu yake inajieleza.

Watu wakiona ninavyofundisha husema ninatumia vifaa mbadala. Neno hilo nimelikataa, na nataka kueleza sababu, maana si ubishi wa maneno tu. Ukimwambia mtoto kwamba choya ni mbadala wa litimasi, umemwambia kemia ya kweli iko mahali pengine, kwenye chupa iliyokuja kwa meli, na yeye amepewa ya kuungaunga. Mwaka 1664 Robert Boyle aliandika kwamba sharubati ya maua ya violeti inageuka nyekundu ikikutana na asidi, na kijani ikikutana na alkali. Alianza na maua. Litimasi yenyewe hutolewa kwenye laikeni, viumbe wanaoota juu ya miamba, ndugu wa haya mabaka ya kijivu na ya rangi ya kutu yanayofunika mawe ya Mwanza kila unapotazama. Duka la kemikali limekuja baadaye. Mtoto anayechemsha choya hajaazima chochote kwa mtu.

Na choya inafundisha mambo ambayo litimasi ya dukani haifundishi. Mara ya kwanza tulichovya karatasi za kawaida za kuchapia. Tuliziweka dirishani zikauke, tukarudi kesho yake, zote zimegeuka zambarau inayoelekea bluu, na hakuna aliyezitia kitu. Darasa likadhani choya imeharibika. Tulikaa na jambo hilo kipindi kizima. Kikundi kimoja kikapendekeza tupime maji tuliyochemshia, yalikuwa sawa. Kingine kikasema labda ni vumbi la chaki. Hiki kilikuwa karibu sana. Chaki haikuwa ya ubaoni, ilikuwa ndani ya karatasi yenyewe: viwandani karatasi hizi hutiwa karbonati ya kalisiamu ili ziwe nyeupe na laini. Tangu siku hiyo tunatumia shuka jeupe kuukuu, tunalikata mikanda, na tunalisuuza mara tatu au nne kabla ya kulichovya, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye nguo nayo ni besi na inafanya uharibifu ule ule. Jambo la sabuni waligundua wasichana wawili wanaofua nguo za familia nzima kila Jumamosi.

Manjano nayo ninaipenda. Kijiko kimoja kwenye spiriti ya duka la dawa, unaacha itulie, unamimina ile rangi ya juu. Kwenye asidi inabaki njano, kwenye besi inageuka nyekundu yenye ukahawia. Kila mtoto aliyewahi kumwagikiwa mchuzi kwenye shati jeupe la shule kisha akalipaka sabuni ya mche ameshaona mabadiliko hayo, ila hakujua kwamba ni somo.

Magadi nitayapitia haraka, kwa sababu walimu wengi wanayatumia tayari. Yale ya sokoni, ya kulainishia maharage na makande, ni karbonati na bikabonati ya sodiamu pamoja. Ukitia maji ya ukwaju yanatoa povu. Unapitisha gesi hiyo kwenye mrija wa dripu hadi kwenye maji ya chokaa yaliyochujwa, na maji yanageuka kama maziwa. Shabu ya kutuliza tope la maji ya ziwa nayo wengi wanaitumia. Kwa kupashia moto tuna taa za spiriti ambazo fundi bati wa Makoroboi alinitengenezea kwa makopo, kwa ufundi ule ule wa koroboi uliolipa eneo lile jina lake. Nilimwomba tu abane utambi na kifuniko viwe vya kukaza.

Nataka kukaa kwenye siki, maana siki ndiyo iliyonibadilisha mimi.

Titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa kuidondoshea besi mpaka rangi igeuke, haihitaji bureti ili ieleweke. Inahitaji kitu kinachopima ujazo na kinachotoa tone. Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, linafanya yote mawili. Katikati ya muhula uliopita nilinunua mabomba 12, chupa mbili za siki nyeupe kutoka maduka mawili tofauti, zote zimeandikwa asilimia 5, na kopo la kostiki, ile soda wanayotumia akina mama wa vikundi vya sabuni. Mizani niliazima kwa jirani anayenunua dhahabu; ni ndogo inaingia mfukoni na inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Soda niliipima mwenyewe, gramu 4 kwa lita moja ya maji, wanafunzi wakiwa mbali. Kostiki hainyamazi ukiifungua. Inavuta unyevu wa hewa huku unaiangalia, chenga zinaanza kung'aa kama zimetokwa jasho, na kadiri unavyochelewa ndivyo unavyopima maji ukidhani unapima soda.

Siki tuliizimua mara kumi. Kila kikundi kikachukua mililita 10 za siki iliyozimuliwa, matone matatu ya manjano, wakaanza kuidondoshea soda. Vikundi sita vilipewa chupa ya kwanza, sita chupa ya pili, na sikuwaambia kwamba chupa ni mbili.

Kuna ukimya unaoingia darasani wakati wa tone la mwisho. Tone linaanguka, doa jekundu linatokea pale lilipogusa, wanatikisa kikombe, doa linapotea. Jingine. Linachelewa kidogo kupotea. Jingine. Mtoto aliyeshika bomba anakuwa hapumui, na wanaozunguka meza wanakuwa wameinama mpaka vichwa vinagusana. Kisha tone moja linaanguka na ile njano yote inageuka, na haigeuki tena. Sijawahi kuhitaji kumnyamazisha mtu katika dakika zile.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu usiku. Siki ya asilimia 5 ina gramu kama 50 za asidi kwa lita, mole moja (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe) ya asidi hiyo ni gramu 60, kwa hiyo tunatarajia kama mililita 8.3 za soda. Vikundi vya chupa ya kwanza vikaleta wastani wa 8.9. Vikundi vya chupa ya pili vikaleta 3.6.

Nikasema, "Rudieni." Na nilisema kwa ile sauti ya mwalimu aliyeshaamua nani amekosea. Wakarudia. 3.5. 3.7. 3.6. Nikaenda kwenye meza moja nikadondosha mwenyewe, nikapata 3.6. Ndipo nikawaambia kwamba chupa zilikuwa mbili.

"Basi mwalimu, siki imechakachuliwa," akasema msichana wa kikundi cha tisa. Mama yake anauza dagaa pale Mwaloni. Binti huyu mpaka siku ile alikuwa mtu wa kukaa nyuma na kuandika tu. Nikambana kidogo, kwa sababu jibu lake lilikuwa limekuja haraka. Nikamwambia hata ile chupa nzuri haikutoa 8.3, imetoa 8.9, kwa hiyo na soda yangu ina walakini. Tunajuaje kuwa kosa ni la siki na si la soda?

Alisimama muda mrefu. Nilitamani kumsaidia, nikajizuia. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji: "Soda ni moja, mwalimu. Tumeitumia kwenye chupa zote mbili. Kama ni dhaifu, imezipunja zote sawasawa. Kwa hiyo tusiangalie soda, tugawe." Akaja mbele, akaandika 3.6 juu na 8.9 chini. Inakaribia 0.4. Mara 5, inakuwa 2. Siki iliyoandikwa asilimia 5 ilikuwa na kama asilimia 2.

Nimesoma chuo miaka mitatu kujifunza kwamba ukilinganisha vitu viwili kwa kipimo kimoja, kosa la kipimo hujifuta. Yeye alilijua hilo kwa kukua kando ya kisado cha dagaa. Mnunuzi mwenye shaka na kisado haendi kutafuta kisado cha serikali. Anapimisha kwa mama huyu na kwa mama yule kwa kisado kile kile.

Usiku ule nilimfikiria Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi pale Magamba, Tanga, akaona maziwa ya moto aliyoyaweka kwenye friji kwa ajili ya aiskrimu yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye wakamcheka. Hakuacha kuuliza mpaka akampata Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kujaribu kwanza, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Ile "rudieni" yangu ingeweza kuwa mwisho wa habari. Ilikuwa bahati kwamba namba zao zilikataa kubadilika, na kwamba bado muda wa kipindi ulikuwepo.

Darasa lilitaka kwenda dukani siku ile ile. Niliwazuia. Chupa moja haimhukumu mtu. Tulinunua nyingine mbili kwenye duka lile lile la chupa ya pili, moja ikatoa 3.8 na nyingine 8.8, kisha moja kutoka duka la tatu, 8.7. Nilikwenda mwenyewe na daftari la wanafunzi kumwonyesha mwenye duka. Alikaa nalo kimya, akauliza namba hizi maana yake nini, nikamweleza, akaziondoa rafuni chupa zote zilizobaki katika ule mzigo. Darasa lilipopata taarifa hiyo lilipiga makofi. Ndilo darasa lile lile ambalo mwaka jana liliandika kwenye karatasi ya maoni kwamba kemia haina faida mtaani.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu, mtu ninayemheshimu sana, huniambia ninapoteza muda: mtihani wa taifa wa vitendo una bureti na pipeti, hauna bomba la sindano. Kwa sehemu yuko sahihi. Ndiyo maana muhula wa mwisho wa kidato cha nne tunahamia kwenye zile bureti saba nzima kwa zamu, hadi jioni, na tunajaza jedwali la vipimo kama mtihani unavyotaka. Ila wanafika pale wakiwa wameshaijua tone la mwisho. Hawajui kusoma mpindo wa maji kwenye bureti, na hilo nawafundisha kwa siku mbili. Na ukiwauliza kwa nini asidi dhaifu kama siki inataka POP na haiendani na MO, hawakariri. Wanakumbuka kwamba manjano iliwapa mwisho unaoonekana wakati choya ilikuwa inabadilika polepole mpaka wanagombana ni wapi pa kuacha.

Sasa niandike jambo gumu, na ninaomba mwalimu yeyote atakayejaribu haya asilipite.

Mwaka wa pili wa kufundisha kwa njia hii niliacha mabaki ya maji ya kostiki kwenye chupa ya maji ya kunywa, juu ya meza, nikaenda ofisini kuchukua daftari la mahudhurio. Kijana wa zamu ya usafi aliingia akiwa na kiu. Alipiga funda moja, akatema. Midomo na ulimi viliungua. Tulimsukutua kwa maji mengi, hatukumtapisha, tukampeleka hospitali, na nilikaa naye pale mpaka usiku, mama yake akiwa upande wa pili wa kitanda. Alipona. Mama yake hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Kosa lilikuwa langu. Hatari ya vitu vya nyumbani ni kwamba vinaaminika: chupa ya maji inasema maji hata kama ndani kuna kitu kingine.

Tangu siku hiyo hakuna chupa ya kinywaji inayoingia maabara yangu. Kemikali zote zinakaa kwenye madumu yaliyopakwa rangi nyekundu mfuniko na shingo, na ninayafungia mwenyewe kabatini. Kostiki haishikwi na mwanafunzi ikiwa kavu. Maji ya betri ya gereji, ambayo ni asidi salfuriki kali, siyatumii kabisa na madarasa ya chini. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe haikutani na siki wala ndimu, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, na hili ninawaambia wakalifikishe nyumbani, maana wapo wanaochanganya ili choo king'ae. Betri tunazopasua kupata kijiti cha kaboni ni zile za zinki za redio na tochi tu, kamwe si za simu.

Nina neno moja pia kuhusu lugha. Mtihani wa kemia ni wa Kiingereza, na sina mamlaka ya kuubadilisha. Ila mikono ikiwa kazini watoto husema kwa lugha waliyo nayo. Inachemka bila moto. Inatoa povu. Imekuwa kama uji. Imekaa chini kama machicha ya nazi. Mmoja alisema kwa Kisukuma, mwenzake akatafsiri. Nawaacha waseme hivyo kwanza na ninayaandika ubaoni kama walivyosema, kisha pembeni naweka neno la mtihani. Anayejua kitu kilivyo anatafuta jina lake. Aliyepewa jina bila kitu analisahau njiani kuelekea nyumbani, na najua hilo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Wiki hii tuna kazi nyingine. Vijana watatu wanaotoka upande wa Igombe walileta magunia mawili ya magugu maji, yale yanayoziba mialo na kukwamisha mitumbwi. Tumeyatandaza kwenye simenti nyuma ya maabara yakauke. Yakikauka tutayachoma, majivu tutayaloweka na kuyachuja kwa kitambaa, tutayajaribu kwa choya, kisha tutayadondoshea siki ambayo nguvu yake sasa tunaijua ili tuone gramu moja ya majivu ina nguvu gani mbele ya gramu moja ya magadi ya sokoni. Ninatarajia potasiamu kwa wingi, na nimewaandalia waya wa kuingiza kwenye moto wa spiriti tuone kama utatoa zambarau hafifu, ama njano ya sodiamu itaifunika.

Binti wa kikundi cha tisa ameshaleta hoja kwamba lazima magugu yapimwe yakiwa makavu kabla ya kuchomwa, la sivyo hatutajua gunia moja linatoa majivu kiasi gani. Mwenzake anasema kupima sasa ni bure kwa sababu bado yana maji katikati ya mashina. Jana walibishana hadi kengele ya kwenda nyumbani. Nikawaachia ile mizani ya jirani na mashina matano, wapime kila asubuhi mpaka namba iache kushuka.